Kumfungia Mwalimu Nje

Jumatatu, 27 Aprili 1987

Muhula wa mwisho umeanza, na mvua nayo. Baba kaniambia nitangulie, atakuja nyuma yangu, kama ilivyo desturi yetu. Desturi yenyewe niliianzisha mimi nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Nilimwambia kwamba ikiwa ni lazima nisome shule anayofundisha baba yangu, basi barabarani hatujuani. Darasani mimi ni Thackray na yeye ni Mwalimu. Nyumbani mimi ni Lorna na yeye ni Baba. Anayekosea anaosha vyombo wiki nzima. Kakosea mara moja tu, aliponiita "kipenzi" mbele ya darasa zima, na hadi Krismasi wenzangu hawakuwa na jina jingine la kuniita.

Leo nilimwona kupitia dirisha la chumba cha makoti. Alisimama langoni ameshika nguzo, anahema. Rafiki yangu Glynis Pickersgill akauliza vipi Mwalimu, nikamjibu kwamba uzee umeanza kubisha hodi. Kakonda tangu Pasaka. Mama anasema ni kwa sababu amepunguza siagi.

Alhamisi, 30 Aprili

Historia vipindi viwili. Mtihani u mlangoni, na badala ya kurudia zile sheria za zamani za kuwasaidia maskini kama watu wenye akili, Baba akatusimulia hadithi. Mwaka huu shule yetu inatimiza miaka mia tatu sabini na mitano, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuandika kijitabu cha sherehe. Sasa kila kitu kwake ni Shule ya Skelby, Shule ya Skelby.

Hadithi ya leo ilikuwa ya kumfungia mwalimu nje. Zamani, kabla ya likizo ya Krismasi, wavulana waliwahi kufika kungali giza, wakafunga milango yote kwa makomeo na mabenchi, wakajaza mifuko matufaa yaliyooza. Mwalimu akija, anakuta shule si yake. Akifaulu kuvunja mlango, wanachapwa wote. Akishindwa, anawapa siku ya mapumziko, na ni lazima aitamke kwa sauti kupitia mlangoni: "Siku mmepewa." Mwaka 1701 mwalimu mmoja anayeitwa Crabtree alisimama kwenye theluji akiwasomea zaburi kupitia tundu la ufunguo mpaka sauti ikakauka. Mwisho akawapa siku, akaenda kulala na mafua.

Nigel Braithwaite, ambaye hajawahi kukaa kimya tangu azaliwe, akauliza, "Na sisi tukikufungia leo, Mwalimu?"

"Braithwaite, wewe kufunga dirisha tu kunakushinda."

Darasa zima likacheka, nami nikacheka kidogo. Kisha nikanyoosha mkono kuuliza kama haya yamo kwenye mtihani. Akasema hayamo. Nikauliza basi kwa nini tunapoteza muda. Akaniangalia, akasema, "Swali zuri, Thackray," akarudi kwenye sheria za maskini. Jioni alikuwa mtulivu sana, na sikujisumbua kuuliza sababu.

Jumanne, 5 Mei

Mvua. Hesabu. Baba hakwenda kazini, mgongo.

Ijumaa, 8 Mei

Mgongo bado. Wametuletea mwalimu wa muda, Bi Mossop, anayesoma kitabu kwa sauti kana kwamba sisi hatujui kusoma. Majuma machache kabla ya mtihani! Baba amelala sebuleni, kitanda kimeshushwa chini kwa sababu eti ngazi zinamuumiza, na amezungukwa na karatasi za kijitabu chake. Za kijitabu anaziweza. Za darasa letu haziwezi. Nimekasirika mpaka nimesahau kula.

Jambo jingine la ajabu. Nilichelewa mara mbili wiki hii na Mwalimu Mkuu Ormerod hakuniadhibu. Huyu ndiye Ormerod aliyemrudisha nyumbani kiranja wake mwenyewe kwa kukosa tai. Aliniangalia tu, akaondoa peremende mdomoni, akasema, "Nenda darasani, Lorna." Lorna! Sikujua kwamba analijua jina langu. Na mama yake Glynis, anayepika shuleni, ananipa kipande kikubwa cha keki ya mvuke kuliko wote, ananimwagia kastadi mpaka inafurika. Nadhani shule inataka alama nzuri za kujivunia kwenye sherehe na wameamua kuninenepesha kama bata.

Jumamosi, 16 Mei

Amekuja mwanamke mnene anayeitwa Bi Hesketh. Mama anasema ni rafiki yake, fundi wa kukanda migongo. Nimeishi na Mama miaka kumi na sita na sijawahi kusikia habari za huyo rafiki. Ana saa imebanwa kifuani kama wauguzi.

Jumanne, 19 Mei

Kemia. Mvua. Viazi na soseji.

Ijumaa, 22 Mei

Siku ya mwisho kabla ya likizo fupi.

Tulikuwa chumba cha makoti, mimi na Glynis, tunangoja mvua ipungue. Nikaanza tena habari ya Baba. Nilisema hana chochote, anadeka, kachoka kufundisha wajinga, kwa hiyo katuachia Bi Mossop na sisi tufe nayo. Glynis akaniambia ninyamaze. Sikunyamaza. Nikasema mwanamume mzima kulala kitandani anachora ramani za shule huku mwanawe anafeli, hiyo si aibu? Glynis akawa mwekundu usoni.

"Baba yako anakufa, Lorna."

Nikamwambia aache upuuzi. Akaanza kulia, na hapo nikajua, kwa sababu Glynis hakulia hata alipovunjika mkono.

Ni saratani ya kongosho. Waliijua tangu Pasaka. Kila mtu anajua. Siku niliyokwenda kung'olewa jino, Mwalimu Mkuu aliwaita wanafunzi wote wa mwaka wetu ukumbini, akawaambia, akawaapisha: Lorna Thackray asijue mpaka karatasi ya mwisho ya mtihani, ambayo ni Historia, tarehe ishirini na nne Juni. Baba mwenyewe ndiye aliyeomba hivyo. Hakutaka nikae mtihanini nikiwaza kaburi. Watoto zaidi ya mia waliapa na wote wakatunza. Hata Braithwaite. Nilikuwa napita kati yao kila siku na wote wananitazama na wote wanajua.

Nilirudi nyumbani nikikimbia kwenye mvua, nimejaa maneno ya kuwatupia. Nilifungua mlango. Baba alikuwa ameketi ameegemea mito, anakula jeli kwa kijiko, na Mama anacheka kitu alichosema. Ukutani amebandika ratiba ya mitihani yangu aliyoichora mwenyewe, kila somo na rangi yake. Wakanigeukia wote wawili, nyuso zao zimejaa matumaini.

"Vipi shule?" akauliza.

"Shwari," nikasema, nikapanda juu, nikauma foronya.

Jumapili, 24 Mei

Nawachukia wote. Namchukia Ormerod na peremende zake. Namchukia Glynis kwa kunificha, na namchukia kwa kuniambia. Zaidi ya wote namchukia mtu aliyeuliza, "Kwa nini tunapoteza muda?" Baba alikuwa anatugawia siku zake za mwisho za kufundisha, naye kachagua hadithi aipendayo kuliko zote, na mwanawe mwenyewe akamkatiza.

Nimefikiri kuwaambia kwamba najua. Kila nikishuka ngazi nimeshikilia maneno, namkuta Mama ananiwekea mkate uliopakwa jamu na kuniuliza nimefika ukurasa gani. Anajikaza kwa sababu anaamini mimi sijui. Na Baba anaona fahari. Kila nikicheka anatazamana na Mama kama wavulana walioficha chura kwenye dawati la mwalimu. Nikiwaambia najua, nitakuwa nimewapokonya kitu pekee kinachowaendea vizuri.

Lakini nisipowaambia, nitakaa na vitabu mpaka tarehe ishirini na nne, na yeye yuko chini sebuleni anakwisha. Natamani kukaa naye tu. Sina sababu ya kukaa naye ambayo mtu asiyejua angekuwa nayo.

Jumatano, 27 Mei

Kusoma. Yaani kukaa na kitabu.

Jumatatu, 1 Juni

Kiingereza. Nimeandika kurasa nyingi kuhusu safari ya ufukweni ambayo hatukuwahi kwenda.

Alhamisi, 4 Juni

Hesabu. Nikirudi, Baba anataka nimweleze kila swali. Leo aliomba penseli, akajaribu la mwisho nyuma ya bahasha, akakosea jibu, akasema siku hizi hesabu zimebadilishwa kwa makusudi. Mikono yake imekuwa ya manjano. Nimekaa pembeni ya kitanda mpaka Mama aliponikumbusha kwa upole kwamba Fizikia haijisomi yenyewe. Nikaondoka. Kuondoka kule kunaniua.

Bi Hesketh sasa anakuja kila siku kukanda mgongo. Leo alisahau, akaja na mkoba wa sindano wazi. Sote wanne tukautazama, kisha Mama akauliza kama kuna anayetaka chai.

Jumanne, 9 Juni

Leo ilikuwa Jiografia.

Nilivaa sare, nikachukua rula na kalamu, nikambusu Mama aliyekuwa anakwenda kazini kwenye duka la viatu. Nilifika mwisho wa barabara yetu. Mvua ilikuwa nyembamba, ile ya kuonekana kwenye nywele tu. Nikasimama pale karibu na sanduku la posta na miguu ikakataa kwenda mbele. Nikageuka.

Baba alikuwa macho. "Umesahau kitu?"

"Mtihani umeahirishwa," nikasema. "Ukumbi unavuja. Wamesema wiki ijayo."

Maneno hayajamaliza kutoka nikajua nimefanya upumbavu wa mwaka. Karatasi hizi zinafunguliwa saa ile ile nchi nzima, na haziahirishwi hata ukumbi ukiungua. Mtoto wa shule ya msingi anajua. Na Baba ndiye msimamizi wa mitihani wa shule yetu tangu sijazaliwa.

Akavua miwani, akaifuta kwa shuka, akaivaa tena. Akanitazama kwa muda mrefu. Nilitazama viatu vyangu.

"Funga mlango," akasema.

"Upi?"

"Wa mbele. Tia komeo. Halafu vuta lile kochi uliegemeze."

Nikadhani ni dawa zinamsemesha. Sikusogea.

"Lorna, haraka basi. Crabtree atafika sasa hivi."

Ndipo nikaelewa kwamba ameelewa. Nilitia komeo, nikalivuta kochi, mguu wake mmoja ukakwama kwenye zulia, nikalisukuma kwa mgongo, na yeye kitandani ananielekeza kushoto, kulia, kama nahodha. Tukacheka mpaka akashika tumbo na kufumba macho. Nikakimbilia kumshika. Alipofumbua macho akapapasa nafasi pembeni yake, nami nikapanda nikalala juu ya blanketi na sare yangu yote, viatu nimevitupa.

"Umejuaje?"

"Glynis."

"Pickersgill. Nilimwambia Ormerod yule hawezi kuficha hata chakula cha mchana ni nini." Akanigeukia. "Unaogopa?"

"Ndiyo."

"Mimi pia."

Ni hayo tu tuliyosema juu ya jambo lenyewe. Nililia begani kwake na yeye akaniacha nilie, hakunibembeleza wala kuniambia yatapita.

Kisha gari likasimama nje. Mlango ukagongwa, kifuniko cha tundu la barua kikafunguka, na sauti ya Ormerod ikaingia ndani.

"Lorna? Bado wanaweza kukuruhusu kuingia. Nina gari. Njoo twende."

Nikashika mkono wa Baba. Yeye akakohoa, akakusanya sauti yote iliyobaki.

"Nani huyo?"

"Mimi, Ormerod."

"Tumefunga, Mwalimu Mkuu. Tunadai siku moja."

Nilisogeza pazia kidogo. Alikuwa amesimama mvuani, mwavuli mkononi umefungwa, amesahau kuufungua, maji yanamtiririka kwenye kipara. Gari lilikuwa linanguruma nyuma yake. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kumwacha mwanafunzi akose mtihani. Mwaka jana alimtoa mvulana mmoja zizini kwao na mbolea miguuni, akamkalisha ukumbini hivyo hivyo. Nilijua anaweza kupiga mlango teke, na nilijua akisema njoo kwa ile sauti yake nitakwenda.

Akainama tena kwenye tundu la barua.

"Siku mmepewa," akasema.

Kifuniko hakikufungwa. Baada ya muda akaongeza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia ikimtoka, "Clifford, mkeo anajua kwamba mtoto anajua?"

"Hajui. Tafadhali, asijue. Anasimama kwa sababu anaamini mtoto hana habari. Ukimwondolea hilo ataanguka."

"Basi hajui."

Alirudi garini akakaa humo muda mrefu bila kuondoka. Miaka mitano nimemwita Ormerod jiwe. Nayafuta maneno hayo.

Asubuhi nzima Baba alinipa shule yake, ile isiyomo kwenye mtihani. Wasichana wa kwanza walioingia mwaka 1950, walivyokuwa wanakula chakula nyuma ya pazia ili wavulana wasiwaone wakitafuna. Kengele iliyoibwa ikakutwa kisimani. Na siku msichana wa duka la viatu alipokuja kupima miguu ya wanafunzi kwa ajili ya viatu vya michezo, na mwalimu kijana wa Historia akapanga foleni na watoto ili na yeye apimwe. Nilimuuliza Baba huyo msichana, yaani Mama, alifanya nini. Akasema alimpima bila kucheka, akamwambia miguu yake imetofautiana ukubwa, na kwamba asiwe na wasiwasi, wake wengi hawaangalii huko.

Nililirudisha kochi mahali pake kabla Bi Hesketh hajaja. Mama aliporudi akauliza Jiografia ilikuwaje. Baba akajibu kabla yangu.

"Anasema ndiyo karatasi iliyomwendea vizuri kuliko zote."

Alhamisi, 11 Juni

Uchaguzi mkuu. Mama kapiga kura asubuhi, hasemi kampigia nani. Mimi Kifaransa.

Jumatatu, 15 Juni

Wamempeleka hospitali. Kwa vipimo vya mgongo, anasema Mama, na sauti haitikisiki hata kidogo. Nikasema natumai watapata dawa ya kuchua iliyo bora zaidi. Mungu anisamehe, tumekuwa waigizaji wazuri.

Alhamisi, 18 Juni

Fizikia. Mvua haijakatika tangu Jumapili. Uwanja wa kriketi ni ziwa, bata wameuhamia.

Jumapili, 21 Juni

Mama alikwenda kutafuta chai, tukabaki wawili. Anaongea kwa kupumzika katikati ya maneno. Nilimwambia Jumatano sitakwenda, nitakuja hapa asubuhi na kukaa naye, na Ormerod akitaka aje na mwavuli wake.

"Hapana," akasema. "Jiografia nilikupa. Historia ni yangu mimi. Nimekufundisha miaka mitano. Nataka ukaikalie."

Nikamwambia sijali alama. Akasema yeye hajali pia. Anachotaka ni kulala hapa akijua kwamba saa ile niko ukumbini naandika, na kwamba baadaye nitakuja kumwambia nimeandika nini. Anataka kitu cha kungoja. Nikaahidi. Kisha Mama akarudi na vikombe, na Baba akaanza kulalamika kuhusu magodoro ya hospitali na migongo.

Jumanne, 23 Juni

Nimesoma kweli leo. Sheria za maskini, njaa ya Ireland, reli, viwanda. Mama amelala hospitali. Nimelala kwa kina Glynis. Tumepatana bila kusema lolote, kanipa upande wa kitanda ulio mbali na dirisha.

Jumatano, 24 Juni

Mwalimu Mkuu alisimama mlangoni mwa ukumbi. Hana kawaida ya kusimama pale. Vifungo vya koti lake vilikuwa vimepishana, kimoja juu ya kingine, na nilitaka kumwambia lakini tulikuwa tumepigwa marufuku kuongea. Nilipopita aliniwekea mkono begani, akaubakiza hapo kidogo kuliko inavyopasa. Nilidhani anakumbuka ile siku ya mlangoni. Nikamtabasamia.

Nilipofungua karatasi, moyo uliruka. Yalikuwa maswali ya Baba, kana kwamba ameyatunga yeye. Maskini, njaa, reli, nikajichagulia. Niliandika kama sijawahi kuandika. Kila nilipomaliza aya nilikuwa namsimulia kichwani: hapa nimeweka lile jambo la wafumaji ulilosema, hapa nimekataa maoni yako, utakasirika. Niliomba karatasi ya ziada mara mbili. Braithwaite alinigeukia na uso mwekundu, nikadhani karatasi imemshinda. Kalamu zilipowekwa chini nilikuwa na wino mpaka kwenye kidevu na nilikuwa na furaha.

Nilitoka mbio. Basi la hospitali linapita mkabala na lango, na nilikuwa nimeshapanga nianze na lipi kumwambia.

Mama alikuwa ameketi kwenye ukuta wa shule, mvuani. Alivaa koti lake la Jumapili, limelowa mpaka limebadilika rangi.

"Umejibu yote?" akauliza.

"Yote. Nimeomba na karatasi za ziada. Twende nikamwambie."

Hakusimama.

Alifariki alfajiri. Mama alipiga simu kwa Ormerod kabla kengele ya kwanza haijalia, wakakubaliana. Msimamizi alijua, akinigawia karatasi. Braithwaite alijua, mama yake ni mpokea simu hospitalini. Nilikaa kati yao wote nikimsimulia mtu ambaye hayupo, na nikacheka peke yangu mara moja, nakumbuka, juu ya wafumaji.

Nilimuuliza Mama kwa nini hakuja kunitoa. Akasema, "Aliniapisha. Alisema lolote litakalotokea, Historia uikalie." Nilimpiga. Si kwa nguvu, mikono miwili, kifuani kwenye lile koti lililolowa, na yeye akaniacha nimpige. Tangu muhula uanze sikuwa nimepata saa zenye furaha kama zile tatu. Sijui nizifanyeje.

Ijumaa, 26 Juni

Leo jua limetoka, la kwanza mwezi huu. Watu wameanika nguo barabara nzima.

Jana sikusema na Mama. Ormerod alikuja, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema hajui kama alifanya vyema. Hakungoja nimjibu. Nilimfungulia mlango na nikagundua kwamba simchukii, sina nguvu hizo. Alikuwa amebeba maagizo ya mtu mwingine, kama sisi sote.

Leo mchana Mama alikuwa sebuleni anakunja mashuka ya kile kitanda. Nikamshikia ncha za upande mwingine, maana mashuka hayakunjiki na mtu mmoja. Tulikunja mawili. Kwenye la tatu akasema anajua nimekasirika, na nina haki, kwa sababu nimepigwa na habari mbili kwa siku moja, ugonjwa na kifo pamoja, na mtoto hapaswi kupokea hivyo. Alisema alitaka kuniambia tangu mwanzo. Alisema mwezi wa Mei alikuwa anatoka kazini, anakaa garini kwenye maegesho ya sokoni, analia mpaka vioo vinaingia ukungu, kisha anajifuta na kununua mkate ili awe na sababu ya kuchelewa. Ndiyo maana tulikuwa na mikate mingi vile.

Ningeweza kunyamaza. Baba aliomba asijue. Lakini mtu aliyeomba hayupo tena, na aliyebaki ni huyu hapa, ameshika shuka.

"Mama, nilikuwa najua."

"Kujua nini?"

"Ugonjwa. Tangu kabla ya likizo fupi. Nilikuwa nalia maktaba, nyuma ya makabati ya atlasi. Baba alijua kwamba najua. Na Mwalimu Mkuu. Siku ya Jiografia sikwenda, nilikaa na Baba asubuhi yote. Alisema usiambiwe, utaanguka."

Hakuanguka. Alilishusha shuka polepole mpaka likagusa sakafu upande wake. Nilingoja anikasirikie. Alikuwa anahesabu kitu kichwani, nikamwona anarudi nyuma, Juni yote, nusu ya Mei, vikombe vya chai, mgongo, mikate.

"Kwa hiyo nilikuwa nalia peke yangu bure," akasema.

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayetaka tu kuhakikisha kwamba ameelewa.

"Ndiyo, Mama."

"Na juzi pale ukutani. Nilikaa saa tatu zote pale, Lorna. Nilijiambia angalau yeye bado yuko na baba yake, nisimwondolee haraka."

Aliliokota shuka, akanipa ncha zangu, tukalimaliza. Kisha akasema anakwenda kuweka maji ya chai jikoni, na akauliza kama aniletee hapa au juu chumbani. Nikamwambia asilete popote. Nikamfuata jikoni, nikasimama karibu naye mpaka birika lilipochemka, na hapo ndipo tulipoanza kulia, wote wawili pamoja, kwa mara ya kwanza.